Mdogo wangu kaenda kumvaa mtu nyumbani kwake sababu ya klipu, nimsaidieje?

Wadau naombeni ushauri. Mdogo wangu kaona klipu ya sekunde 40, mwalimu mmoja anaporomosha matusi kwa wafuasi wa chama anachokishabikia dogo, komenti zikawaka moto, mtu akaweka mpaka mahali anapoishi, basi dogo na wenzie wawili wakaenda usiku. Hawakumpiga, ila wamemtukana mbele ya wanawe na mlango wameupiga mateke. Kesho yake ikatoka video nzima, kumbe mwalimu alikuwa anasoma kwa sauti matusi aliyotumiwa yeye! Aliyeposti kafuta, kimya. Nikamuonyesha dogo, akasema "hata hivyo wale ndivyo walivyo". Hilo neno limenitisha kuliko mateke. Nianzie wapi?

Jibu la 1
Pole sana mkuu. Hiyo "hata hivyo" naijua. Angalia Uingereza 2024, baada ya shambulio la kisu la Southport la Julai 29 lililoua watoto watatu, mtandaoni likatungwa jina la uongo, ikasemwa muuaji ni mkimbizi kaja kwa boti, kesho yake tu watu wakavamia msikiti. Agosti 1 mahakama ikaruhusu atajwe, kijana wa miaka 17 mzaliwa wa Cardiff, hukohuko Uingereza, na fujo bado zikaendelea miji mingine. Mtu akishachagua adui, ukweli ukija unamkuta kashafunga mlango. Kwahiyo usibishane naye kuhusu klipu, utachoka bure.

Jibu la 2
Mimi naomba nitofautiane kidogo, msimfanye dogo aone hasira ni dhambi. George Floyd, yule Mmarekani mweusi, alivyouawa na polisi 2020 taarifa yao ya kwanza ilisema alionekana ana tatizo la kiafya, bila video ya binti mpita njia aliyerekodi na watu kupiga kelele ingeishia hapo. Lakini video ile ilikuwa ndefu, siyo kipande, na madai yalikuwa sheria ichukue mkondo wake. Kwenda usiku kwenye nyumba yenye watoto ni kitu kingine kabisa, na hata kama mwalimu angekuwa kweli katukana bado ingekuwa kosa. Mwambie hivyo hivyo.

Jibu la 3
Akaombe msamaha, ila asijitokeze ghafla tena pale mlangoni jamani, hao watoto watajuaje safari hii kaja kwa wema? Tafuta mtu wanayemwamini aulize kwanza kama wako tayari. Wakikataa mkubali, aandike barua, na mlango aulipie. Halafu aliposheea ile klipu ndipo hapohapo aweke masahihisho, siyo kufuta kimyakimya kama yule mwenzie.

Mtoa mada
Asanteni. Nimemtuma jirani yao, karudi na jibu kwamba mwalimu hataki kuonana na mtu kwa sasa, watoto hawalali tena chumba cha mbele. Nimemwambia dogo hilo tu sijaongeza neno. Kakaa kimya muda mrefu, halafu kaniuliza wana miaka mingapi.