Iliki yangu haitoi maua, naomba ushauri

Asalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Pemba, nimepanda iliki chini ya mwembe mkubwa nyuma ya nyumba, mwaka wa 3 huu. Majani yameshanipita kimo, lakini yale maua meupe yenye michirizi ya zambarau, yanayochomoza chini kabisa karibu na ardhi, sijaona hata moja. Samadi naweka, majani makavu natandaza, udongo haukauki. Nilianzia mbegu, na najua za mbegu huchelewa kuliko za kugawa mashina. Ila nashuku kivuli kimezidi. Je, nipunguze matawi ya mwembe, au nigawe mashina nihamishie penye mwanga kiasi? Na nikigawa, iwe kabla ya masika au mvua ikishakolea? Mbegu hizi alinipa marehemu bibi, naogopa kuipoteza iliki yake.