Hivi wanaoandika nyaraka za zana za kuendesha kivinjari wanamwandikia nani?

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha. Siku mbili zangu zimekwenda na maji kwa sababu ya sentensi moja. Naiweka hapa kama ilivyo: "Bonyeza: hubonyeza kitu kwenye ukurasa." Basi. Hayo ndiyo maelezo yote ya amri hiyo anayopewa ajenti wa akili mnemba, yaani programu inayofanya kazi yenyewe kwa niaba yako, kabla hajakabidhiwa kivinjari. Ahsante sana mkuu, sisi tulidhani Bonyeza inafua nguo.

Mkasa wenyewe huu. Nina ajenti anayejaza fomu ya usajili kwenye mfumo wa majaribio. Kajaza vizuri, jina, barua pepe, tarehe, kila kitu mahali pake. Kabonyeza Tuma. Zana ikamjibu "sawa". Akausoma ukurasa upya, fomu ipo palepale na kitufe kipo palepale, maana seva ilikuwa bado inajivuta. Akabonyeza tena. "Sawa." Akarudia mara mbili zaidi. "Sawa" zote mbili. Kufungua hifadhidata, nakuta mtu mmoja kasajiliwa mara nne!

Kumbe hiyo "sawa" maana yake mbofyo umefika, habari ya kazi kukamilika haihusiki. Nimelijua hilo saa nane usiku, nikiwa nimezama ndani ya msimbo wa zana yenyewe. Kwenye nyaraka halimo. Mimi na wewe tungeona kiduara kinazunguka tukatulia. Ajenti wangu haoni kiduara. Anaona maandishi anayoletewa tu, na maandishi yalimwambia sawa.

La alama ndilo limenichosha zaidi. Zana nyingi za siku hizi hazimtegemezi ajenti kwenye picha ya skrini. Zinampa mti wa ufikivu, yaani orodha ya maandishi ya vitu vilivyomo kwenye ukurasa, uleule ambao visoma-skrini vya wasioona vimekuwa vikiutumia miaka yote, na kila kitu kinabandikwa alama: e14, e15, e16. Wazo zuri, silipingi. Ila kwa zana niliyonayo, ukurasa ukichorwa upya hesabu inaanza upya. Kwa hiyo e14 iliyokuwa "Hifadhi" sekunde tatu zilizopita sasa ni "Futa". Kuna mahali wameonya? Hakuna. Kuna ukurasa mzima wa jinsi ya kubadili rangi za ripoti, huo upo, tena una picha.

Vipimo vya muda ndiyo usiseme. Kwenye Selenium ya Python, moja ya zana maarufu za kuendesha kivinjari, WebDriverWait, ile ya kusubiri, inahesabu sekunde. Kwenye Puppeteer, zana nyingine ya aina hiyo, muda wa kusubiri ni milisekunde, chaguo-msingi 30000. Zana yangu imeandika "muda: namba". Namba ya nini? Ajenti kaweka 30 akijua ni nusu dakika, zana ikasubiri milisekunde 30 ikakata tamaa, halafu ikatoa kosa lisemalo "muda umeisha". Akajaribu tena na 30 ileile. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Na msiniambie modeli, yaani ubongo wa ajenti, zinajua zenyewe. Modeli zimesoma miaka na miaka ya mafunzo ya zamani. Amri ya find_element_by_id iliondolewa Selenium 4.3 mwaka 2022, ile ya waitForTimeout ikaondolewa Puppeteer 22 mwaka 2024, na bado maajenti wanaziandika kila siku kwa kumbukumbu. Mstari mmoja tu, "hii haipo tena, tumia ile", ungemaliza kesi. Badala yake wanaorodhesha vilivyopo na kunyamaza kuhusu vilivyokufa.

Kuna mdau atakuja na ushauri wa "tumia modeli kubwa zaidi". Nimeshaujibu kwa vitendo. Nilifuta ile sentensi yao nikaweka hii: "Hutuma mbofyo mmoja. Jibu 'sawa' halithibitishi kuwa ukurasa umebadilika. Baada ya kubonyeza, subiri ujumbe wa uthibitisho au anwani mpya. Usibonyeze kitufe cha kutuma mara ya pili kabla ya kuangalia kama ombi la kwanza limepokelewa. Alama zote za zamani hazifai tena, soma ukurasa upya." Ajenti yuleyule, modeli ileile, fomu ileile. Nimerudia mara kumi, usajili kumi. Hakuna hata mmoja uliojirudia.

Kuandika hayo kumenichukua dakika tano. Wenye zana wana timu nzima.

Niliwaandikia nikawapa maelezo yote, kumbukumbu za mfumo na ile rekodi iliyojirudia mara nne. Wiki nzima kimya. Leo asubuhi wamejibu: "Tafadhali rejea nyaraka zetu."

Zipi?