Naomba mwongozo: sheria na kanuni za utumishi wa walimu kwa ajili ya usaili

Mwombaji, Kasulu

Habari za majukumu, walimu wenzangu. Nina shahada ya ualimu na ninajiandaa kwa usaili wa kuandika unaoendeshwa na Sekretarieti ya Ajira. Jiografia, ambalo ndilo somo langu, halinipi shida. Kinachonisumbua ni sheria za utumishi, ambazo chuoni tulizipitia harakaharaka. Nimesoma Sheria ya Tume ya Utumishi wa Walimu, Sura ya 448, mara mbili, lakini kila nikiifunga, mamlaka ya Tume, ya mkurugenzi wa halmashauri na ya mkuu wa shule yananichanganyikia. Nianzie wapi?

Mwalimu, Urambo

Mdogo wangu, acha kukariri vifungu. Chukua tukio, kisha ujiulize ni nani mwenye mamlaka juu yake. Mwalimu anayechelewa vipindi ametenda kosa jepesi, na mamlaka yake ya nidhamu ni mkuu wa shule. Aliyetoroka kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa wala sababu ya msingi yuko kwenye kosa zito linaloweza kumfukuzisha kazi, na shauri lake husikilizwa na Tume kupitia kamati yake ya wilaya, baada ya kupewa hati ya mashtaka na nafasi ya kujitetea. Wengi hukosea hapa kwa kumtaja mkurugenzi, kwa kuwa ndiye mwajiri wanayemwona kila siku.

Mwalimu mstaafu, Uyui

Nakubaliana na mwalimu wa Urambo, ila mimi ningetanguliza Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, na Kanuni zake za mwaka 2022, maana mwalimu wa serikali ni mtumishi wa umma kwanza. Jihadhari pia na vijitabu vya kunakilishwa vinavyouzwa stendi: ukikuta bado kinaitaja Idara ya Utumishi wa Walimu, kiweke pembeni, kwa sababu Tume ilianza kazi mwaka 2016, na kikikufundisha OPRAS pekee, yaani mfumo wa zamani wa kupima utendaji kazi wa watumishi, kimepitwa, kwani sasa utendaji hupimwa kwa PEPMIS, mfumo wa kielektroniki.

Sehemu ya ruhusa isome kwa moyo, mwanangu. Mwenzangu mmoja alikwenda msibani Ujiji kwa ruhusa ya simu tu. Aliporudi, mkuu wake alikuwa amehamishwa na hapakuwa na hata mstari mmoja kwenye faili. Nilimsaidia kuandika maelezo yake kwa mkono, kurasa nne, usiku, huku akilia.

Mwombaji, Kasulu

Shikamoo, mwalimu, na asanteni nyote. Nimechora safu tatu daftarini, tukio, mamlaka na hatua, nami nimeshajaza matukio kumi na moja. Swali la mwisho: je, muda wa majaribio kwa mwajiriwa mpya ni miezi 12?

Mwalimu, Urambo

Ndiyo, miezi 12, ndipo athibitishwe kazini. Liongeze kama tukio la kumi na mbili.