Naomba ushauri: Kanisa dogo la kijijini litawasaidiaje majirani waliojitenga kwa sababu ya korona bila kusambaza ugonjwa wala kuwafedhehesha?

Mleta uzi: Katibu wa Huduma

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni katibu wa kamati ya huduma katika kanisa dogo la kijijini, na ninaomba ushauri wa wale waliokwisha kupita njia hii kabla yetu. Wimbi jipya la korona limetufikia, na safari hii limeingia hata katika nyumba zilizo mbali na barabara, ambako zahanati ni mwendo mrefu na mtandao wa simu hupatikana kwa kubahatisha. Kaya kadhaa zimeagizwa kujitenga. Nyingine zimejitenga zenyewe kwa hofu, na hizi ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu majina yao hayapo katika orodha ya mtu yeyote.

Waumini wana moyo wa kutoa. Sadaka ya huduma imeongezeka ingawa watoaji wenyewe wamepungukiwa, na vijana wamejitolea kubeba mizigo. Tunachogombania ni namna ya kuufikisha msaada. Wapo wajumbe wanaotaka iwepo siku maalumu ya kugawa chakula na sabuni katika uwanja wa kanisa, majina yasomwe na watu wapokee hadharani, ili kila mtoaji aone kwamba sadaka yake imefika. Wapo wanaosema kila kitu kipelekwe nyumba kwa nyumba kimyakimya. Siwezi kuwapuuza wale wa kwanza, maana minong'ono juu ya fedha za sadaka imewahi kuvunja makanisa makubwa kuliko letu, lakini sioni jinsi mgonjwa atakavyofika uwanjani, wala jinsi asiye mgonjwa atakavyoondoka hapo akiwa salama.

Naomba pia mnishauri katika jambo ambalo kamati imelikwepa hadi sasa: je, tuanze na washirika wetu au na kijiji kizima, ikiwa tulichonacho hakitoshi hata kwa nusu ya wenye shida?

Muuguzi wa Vijijini

Ndugu Katibu, pole kwa mzigo huo, na hongera kwa kuuliza kabla ya kugawa. Nimehudumu katika zahanati za vijijini tangu nilipomaliza chuo, na ushauri wangu ni kwamba hiyo siku ya uwanjani muiache kabisa. Ni kweli kwamba virusi hivi huenea kwa shida zaidi mahali palipo wazi kuliko ndani ya jengo, lakini shughuli ya kugawa msaada haibaki uwanjani: watu huja wakiwa wameongozana, hupanga foleni wakiwa wamebanana, hupaza sauti ili wasikike, na mvua ikinyesha wote hukimbilia ndani. Kinachoambukiza ni hewa itokayo kinywani na puani, nayo hutoka kwa wingi zaidi tunaposema kwa nguvu na tunapoimba. Tarehe 10 Machi 2020, siku moja kabla Shirika la Afya Duniani halijatangaza kwamba korona ni janga la dunia, wanakwaya 61 wa Skagit Valley katika jimbo la Washington, Marekani, walifanya mazoezi kwa saa mbili na nusu huku mmoja wao akiwa na dalili kama za mafua. Watu 53 kati yao walihesabiwa kuwa wameugua, wengine kwa vipimo na wengine kwa dalili zao, na wawili walifariki.

Badala yake, kila nyumba iliyojitenga ipewe jirani mlezi mmoja, na awe yuleyule hadi mwisho, ili watu wasipishane mlangoni na ili mgonjwa ajue atamwita nani usiku. Awe mwenye afya njema, asiwe mzee, asiwe na kisukari wala shinikizo la damu, na aseme mwenyewe kwamba yuko tayari. Asitajwe mbele ya kusanyiko akashindwa kukataa. Anapofika awe amevaa barakoa, aweke mzigo mahali walipokubaliana, abishe hodi, kisha arudi nyuma hatua kadhaa na kusubiri hadi mzigo uchukuliwe. Asiondoke mara moja. Azungumze nao kutoka pale alipo, kwa sababu mazungumzo hayo humfariji mgonjwa na papo hapo humpima. Mtu anayesimulia jinsi alivyolala kwa sentensi nzima, bila kukatisha ili avute pumzi, bado anapumua vizuri. Yule anayesema "sijambo", akanyamaza, akavuta pumzi, ndipo akaongeza "kidogo", huyo afikishwe kwenye matibabu siku hiyohiyo hata akisisitiza kwamba ni uchovu tu. Maumivu ya kifua yasiyoachia, kuchanganyikiwa, na midomo kugeuka rangi ya buluu au kijivu ni dalili za kutosubiri kabisa. Kanisa likiweza kununua kipima oksijeni cha kidoleni, kinachoonyesha kiwango cha oksijeni katika damu, kisafishwe kwa spiriti kila kinapohama nyumba. Kikionyesha chini ya asilimia 94 ulizeni zahanati, na kikionyesha chini ya 90 tafuteni usafiri.

Fedha msizimalize katika kupulizia dawa kuta na mifuko. Kunawa mikono kwa sabuni baada ya kushika mzigo kunatosha. Fedha iliyobaki inunue barakoa na vocha za simu.

Lipo jambo moja ambalo husahaulika mno, nalo ni dawa za kudumu. Katika wiki za kujitenga, mtu anaweza kupona korona akaangushwa na kisukari au shinikizo la damu kwa sababu dawa ziliisha. Iombeni zahanati itoe dawa za miezi mitatu au zaidi kwa pamoja kwa wale ambao hali zao zimetulia, utaratibu ambao huduma nyingi za VVU zimeupanua tangu janga hili lianze. Lakini anayekwenda kuzichukua achaguliwe na mgonjwa mwenyewe, wala kamati isimuulize ni dawa za nini.

Mtunza Hazina

Kuhusu minong'ono, Ndugu Katibu, sisi tulitenganisha hesabu na majina, na imetusaidia sana. Kila nyumba ina namba. Majina yanayolingana na namba hizo yako katika daftari moja linalotunzwa na watu wawili tu, mmoja kutoka kamatini na mmoja asiye mjumbe anayeaminiwa na wote. Kanisani husomwa jumla: kiasi gani kilipokelewa, kiasi gani kilitumika, nyumba ngapi zilifikiwa. Mwenye shaka hukaribishwa kukagua stakabadhi. Hakuna aliyewahi kuhitaji kumwona maskini amesimama mbele yake ili aamini hesabu zetu.

Mchungaji Mstaafu

Mwanangu Katibu, nimefurahi kuona swali lako la mwisho, kwa maana ndilo lililo kubwa. Tangu karne ya 3, tauni ilipoipiga Carthage katika Afrika ya Kaskazini, Askofu Cyprian aliwahimiza Wakristo wawahudumie hata wasio wa imani yao, ingawa walikuwa wametoka tu katika mateso ya Kaizari Decius wa Roma na walikuwa na kila sababu ya kujifungia na wenzao. Kwa hiyo, kamati isianze na daftari la ushirika. Ianze na nyumba ambayo haina mtu wa kutoka: mzee anayeishi peke yake, mama aliyebaki na watoto wadogo, nyumba ambayo wote wameugua kwa wakati mmoja. Ukipanga kwa kipimo hicho, swali la nani ni wetu litapoteza nguvu lenyewe, na utaona pia kwamba washirika wengi wenye ndugu karibu wanaweza kusubiri.

Nikueleze habari ya kijiji cha Eyam, katika eneo la Derbyshire nchini Uingereza, kwa sababu husimuliwa nusu tu. Tauni iliingia huko mwaka 1665. Mwaka uliofuata kasisi William Mompesson, akishirikiana na Thomas Stanley, mtangulizi wake aliyeondolewa katika nafasi hiyo kwa tofauti za kidini, waliwashawishi wanakijiji wasitoke, ili ugonjwa usienee katika vijiji vya jirani. Ibada zilihamishiwa nje, bondeni, familia zikasimama mbalimbali. Watu takriban 260 walikufa, akiwamo Catherine, mke wa Mompesson. Wengi husifu ujasiri wao, nao unastahili sifa. Mimi hutazama upande wa pili wa mpaka. Watu wa nje walileta chakula na mahitaji, wakayaacha kwenye mawe ya mpakani, na wanakijiji wakaacha sarafu ndani ya siki, wakiamini kwamba siki huondoa maambukizi. Earl wa Devonshire, yaani mtukufu mwenye ardhi kubwa aliyekuwa na makazi Chatsworth, alisaidia pia kupeleka mahitaji. Karantini ile isingedumu kama mahitaji yasingefika mpakani. Unapomwagiza mtu ajitenge, umejifunga kumlisha. Na asipoletewa kitu atatoka, wala usimlaumu.

Ndiyo maana naipendelea njia ya jirani mlezi aliyoieleza dada yetu Muuguzi. Tena zingatia kwamba Mompesson na Stanley hawakuwa wa upande mmoja. Watafuteni viongozi wa dini nyingine na uongozi wa kijiji mapema, mgawane nyumba, ili nyumba moja isiletewe mara mbili huku nyingine ikisahauliwa.

Mama wa Nyumba ya Pili

Shikamooni wakubwa wangu, na wengine nawasalimu. Naandika kama mtu aliyesaidiwa. Tulipougua, tuliletewa mizigo mizuri kutoka pande tofauti, na tulishukuru, lakini ndani ya mizigo mitatu mlikuwa na sabuni na hapakuwa na hata njiti ya kiberiti. Aliyetuokoa ni jirani aliyesimama mbali na kuuliza, "Kwako kimeisha nini?" Akauliza pia ni nani anayechota maji, na nani anayewatazama wanyama. Hayo sisi tusingeyasema wenyewe, kwa sababu mtu aliyekwisha kupokea chakula huona haya kuomba tena mtu wa kumchotea maji.

Naiomba kamati iwakataze wabebaji kupiga picha. Wapo waliotupiga picha tukipokea, na picha hizo zikafika kwenye simu za watu ambao hatukuwaambia kwamba tunaumwa. Baada ya kupona, mwanangu aliitwa kwa jina la ugonjwa na wenzake kwa muda mrefu, na mimi mwenyewe nilipokwenda kisimani watu walisubiri niondoke ndipo wasogee. Mlezi wetu alilimaliza jambo hilo bila hotuba: alikuja na ndoo yake, akachota pamoja nami, akanisaidia kujitwisha, tukaondoka pamoja. Alifanya hivyo mpaka watu wakazoea. Mtu akipona, mlezi asimwache njiani.

Mwanakwaya

Ninakubali mengi yaliyosemwa, lakini naomba tusisahau kwamba watu wetu wanapata nguvu kwa kukusanyika. Kuna wazee ambao ibada ya wiki ndiyo siku pekee wanayoonana na wenzao. Tukiwapelekea chakula mlangoni na kuwanyima maombi ya pamoja, je, hatujawaacha na njaa nyingine?

Muuguzi wa Vijijini

Kaka Mwanakwaya, hoja yako ni ya haki. Upweke huwadhoofisha wazee kweli, nimewaona. Ninachoomba ni kwamba ibada iwe fupi, nje, watu wakiwa wamevaa barakoa na kila kaya ikiwa mbali na nyingine, na uimbaji wa pamoja upunguzwe hadi wimbi lipite. Kwa aliyejitenga, mlezi asome naye neno na kuomba naye kutoka uani, au kwa simu saa ileile kila jioni. Wazee hupenda saa inayojulikana, wanajiandaa nayo.

Mleta uzi: Katibu wa Huduma

Nawashukuru sana, wazee wangu na ndugu zangu. Huu ni mrejesho. Kamati imekutana chini ya mti, wajumbe wakiwa mbalimbali, na nikawasomea michango yenu. Siku ya uwanjani imefutwa. Hoja iliyowageuza waliokuwa wakiitaka ni ile ya Mtunza Hazina, kwa sababu walichotaka kwa kweli ni uhakika wa hesabu. Tumeanza na nyumba zisizo na mtu wa kutoka, wakiwamo wasio washirika, na viongozi wa msikiti wamechukua upande wa bondeni ambako wana watu wengi. Picha zimepigwa marufuku. Walezi wameagizwa waulize kabla ya kubeba.

Limebaki swali zito. Tumepata msiba katika nyumba iliyojitenga, na familia inahisi kwamba maagizo ya afya yanamnyang'anya ndugu yao heshima. Tufanyeje?

Mchungaji Mstaafu

Poleni sana kwa msiba. Ebola ilipozisumbua Guinea, Liberia na Sierra Leone, watu wengi waliambukizwa kwa kuosha na kugusa miili, na familia zikaficha maiti kwa sababu timu za maziko zilikuja kama wavamizi. Mnamo Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maziko salama na yenye heshima, uliotungwa kwa kushauriana na viongozi wa dini, Wakristo na Waislamu. Korona haiambukizi kupitia maiti kwa kiwango kile; hatari kubwa iko kwa waombolezaji wenyewe, wanaokumbatiana na kulala pamoja ndani. Kwa hiyo, mwende leo, wewe na mhudumu wa afya, mketi nje na familia, na mwulize kwanza ni lipi wasiloweza kuliacha. Mara nyingi ni dogo: ndugu fulani autazame uso, jina lisomwe kikamilifu, sala isemwe na mtu wanayemtaka. Hayo yote yanawezekana kwa barakoa na umbali. Wachache waende kaburini, na wengine wapangiwe zamu za kufika uani kutoa pole katika wiki zinazofuata. Kwa kuwa nyumba hiyo bado imejitenga, mlezi wao aendelee kama kawaida kesho asubuhi, na safari hii aongezewe msaidizi wa maji na kuni.