Tupeane uzoefu: mliowahi kupanda miamba ya Mwanza jioni kupiga picha za machweo

Habari za jioni wakuu. Jumamosi tulikuwa wanne kijiweni Kirumba, hatuna mpango wowote. Saa kumi na moja mmoja wetu akatazama juu akasema, "Mawingu ya leo yamekaa vizuri, twendeni tukapande." Tukachukua bajaji hadi Capri Point. Maji chupa mbili na simu zetu, basi.

Kilima si kirefu ila jasho linakutoka. Kule juu pimbi walikuwa wamejilaza kwenye jiwe wakiota joto la mwisho, mmoja na kitoto chake ubavuni, wakatuacha tusogee hadi hatua chache. Jiwe lenyewe ukilikalia bado lina moto wa mchana.

Wageni wa kutoka Dar huwa wanashangaa: kwao jua limeshazama, huku bado linaning'inia juu ya ng'ambo ya Kamanga. Tuko magharibi zaidi na saa ni ileile, tunawazidi dakika 20 na kitu. Lilipozama tukaanza kukunja virago. Yule jamaa aliyesifu mawingu akagoma kabisa kuondoka. Dakika 10 baadaye matumbo ya mawingu yakawaka mekundu, na ziwa lote likawaka nalo. Picha zangu zote nzuri ni za muda ule. Nyie je?

Wa Nyegezi: Mkuu, ungekaa hata zaidi. Sisi tulikuwa kwenye mawe ya Luchelele mwezi ukiwa giza, wakati wavuvi wa dagaa wanapoingia ziwani. Mbalamwezi ikiwa kali hawatoki sana, maana taa zao hazivuti dagaa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za sola. Zikawashwa mojamoja hadi ukadhani kumeota mji juu ya maji. Nilibananisha simu katikati ya mawe mawili isitikisike, ikatoka safi.

Mama Wawili: Jamani angalieni mvua. Tulipanda Novemba, manyunyu yakapita, mwenzetu akakanyaga pale penye ukungu mweusi wa jiwe, akateguka kifundo. Giza huku haliji polepole. Tulimshusha kwa zamu tukimulika kwa simu moja yenye chaji asilimia 9, hatujui tulipandia wapi. Tangu siku hiyo, nikipanda nageuka kila mara kuitazama njia kungali na mwanga, na tochi haitoki mkobani.

Kijana wa Igogo: Kwa wanaotumia simu: gusa skrini pale penye anga angavu, halafu shusha mwanga. Watu watakuwa weusi ila rangi itabaki. Mimi hufanya hivyo na jiwe la Bismarck, pale pale ufukweni, bila kupanda popote.

Dada wa Isamilo: Picha ninayoipenda haina jua. Nililigeuzia jua mgongo nikawapiga picha wenzangu waliokuwa wakilitazama, nyuso zote zimepakwa dhahabu, mmoja kafumba macho. Sasa mmoja yuko Kahama, mwingine kaolewa Bukoba. Hatujawahi kukaa tena jiwe moja wote watano.

Mwanzisha mada: Dada, hiyo ni ya kuchapisha na kuiweka ukutani. Wa Nyegezi, giza la mwezi likianza tu tunakuja Luchelele wote wanne, na tochi tunabeba.