Duka linauza, daftari lina faida, droo tupu: pesa yangu inaenda wapi?

Mwenye Duka Chanika
Wakuu, heshima kwenu. Nina duka la vifaa vya ujenzi huku Chanika, mwaka wa tatu sasa. Sisemi biashara mbaya, jana tu nimeuza 860,000. Nyumbani nachukua 15,000 kwa siku, ya mboga na nauli za watoto, basi. Leo asubuhi lori la saruji limefika mlangoni, dereva kashaanza kufungua turubai, navuta droo nakuta 212,000. Lori likageuza, likaenda kushusha kwa jirani huku naangalia.

Mwezi wa tano mkandarasi mmoja anayejenga madarasa alichukua kwangu mifuko 200 mali kauli. Niliinunua 15,000 mmoja, nikamuuzia 15,700. Alisema wiki mbili, kalipa siku ya 70. Hapo katikati nikaingia kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali: nimechukua milioni moja, nimerudisha 1,300,000. Sasa nawaza kwenda benki nikope milioni 10 niongeze mzigo. Nawasilisha.

Babu wa Mabati
Pole kijana wangu. Kabla hujafika benki, hebu tupige hesabu. Mifuko 200, faida yake 140,000. Riba ya kausha damu 300,000. Kwa hiyo umemlipa mkandarasi 160,000 ili akubebee saruji yako!

Na hapo bado wale waliokuja na hela mkononi wakakuta stoo nyeupe. Mtu hanunui saruji kwa jirani halafu akavuka barabara kufuata misumari na waya wa kufungia kwako. Anamalizia hukohuko.

Mimi daftari langu lina safu ya siku: siku niliyolipia mzigo, na siku hela iliporudi mkononi. Saruji kwangu inarudi siku 8. Mabati 40. Rangi usiniulize, nina ndoo za zambarau tangu 2021, mama watoto anasema tupake banda la kuku. Ukienda benki kabla hujajua siku zako, milioni 10 itaenda kulala na hizo ndoo.

Fundi Mbishi
Babu, huku mtaani ukikataa kukopesha unabaki na mbwa wako. Sisi mafundi ndio tunawaletea wateja.

Babu wa Mabati
Fundi, sijasema asikopeshe. Wewe unachukua mifuko mitatu Jumanne, Jumamosi ukilipwa unaleta. Nakujua, na kwako napajua. Mkandarasi yeye analipwa hatua ya kazi ikikaguliwa, kwa hiyo "wiki mbili" yake ni dua tu. Huyo alipe nusu kwanza, na hiyo nusu nyingine asiuziwe bei ya taslimu.

Dada Hesabu
Naongezea dogo. Kodi ya makadirio inadaiwa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba. Wengi mnailipa kwa hela ya mzigo, ndiyo maana hiyo miezi rafu zinapungua. Fungua laini nyingine ya simu, kila jioni tupia humo kidogo, na PIN yake akae nayo mwenzako. Halafu hiyo 15,000 ya nyumbani iandike kama mshahara. Naona umeikumbuka mboga, hujataja ada wala michango ya harusi.

Mwenye Duka Chanika
Dada umenishika pabaya, michango miwili mwezi uliopita.

Jana usiku tumekaa na wife tukafungua daftari na stoo. Madeni ya nje 2,340,000. Rangi na vitasa visivyotoka, kwa bei ya kununulia, 1,760,000. Milioni nne na laki moja imelala, nami nilikuwa nakwenda kukopa! Benki siendi kwanza. Nimeandika kibao nje: rangi ndoo 11, bei ya kutupa. Mbili zimeshatoka asubuhi hii, na hela yote nimeagiza saruji.

Babu, hiyo zambarau usije ukaniletea.