Naomba ushauri: PDF za bidhaa zinazipita kurasa za duka kwenye Google

Wakuu, habari za kazi. Duka ni la pampu za maji, linatumia WooCommerce (programu-jalizi ya duka ya WordPress) kwenye seva ya Apache. PDF moja ya mtengenezaji inahudumia modeli sita, na maelezo yale yale yamebandikwa kwenye kurasa za bidhaa. Mteja akitafuta jina la pampu, Google inamletea PDF, isiyo na bei wala kitufe cha kununua.

Kuifungia kwenye robots.txt (faili linaloziambia injini za utafutaji zisisome nini) sitaki: Google ikizuiwa kusoma faili haiwezi kuona amri ya noindex (usiiweke kwenye matokeo), na anwani inaweza kubaki kwenye matokeo. PDF pia haina mahali pa kuweka meta tagi (mstari wa amri ndani ya HTML ya ukurasa), hivyo amri lazima itoke kwenye seva kama kichwa cha HTTP, kwa mfano kupitia .htaccess (faili la mipangilio ya Apache).

Kichwa cha X-Robots-Tag: noindex kitaiondoa PDF kabisa kwenye matokeo. Lakini wenye pampu tayari wanatafuta jedwali la misimbo ya hitilafu, na limo humo tu. Kuwanyima si haki.

Amri ya kichwa cha Link yenye rel="canonical", inayoiambia Google ukurasa upi ndio mkuu kati ya yanayofanana, ndiyo naipendelea, ila modeli ni sita, ielekee ipi? Tena Google huichukua kama pendekezo. Maudhui yakitofautiana sana, huipuuza.

Nafikiria kujenga ukurasa mmoja wa msaada wenye jedwali hilo, PDF ielekezwe huko, kisha kila bidhaa iandikiwe maelezo yake: kina cha kisima, lita kwa saa, kipenyo cha bomba. Aliyefanya hivi, Google iliikubali canonical hiyo, au noindex ilihitajika hatimaye?